Asali yetu ilipochacha

Mwaka wa kwanza kuuza asali ya nyumbani hapa Tabora mjini, mama mmoja wa genge alinirudishia chupa sita kwa mpigo. Vifuniko vilikuwa vimevimba. Alipofungua moja mbele yangu, povu lilipanda mpaka likamwagika. "Mwanangu, umeniuzia wanzuki," akasema, yaani pombe ya asali. Nilimrudishia pesa yake, nikaenda kukagua chupa 34 zilizobaki ndani. Zaidi ya nusu zilikuwa zinanuka hivyohivyo. Usiku ule sikulala.

Mizinga ni ya baba, kule Sikonge, porini kwenye miyombo. Mingi ni ya magogo, kaitundika juu kwa waya ili nyegere asiifikie. Sikutaka kumlaumu kwa simu. Msimu wa kurina ulipofika nikapanda basi, nikaenda kushika ndoo chini ya mti.

Hapo nikajionea. Sega lililofunikwa, sega lililo wazi, hata lenye majana, yaani watoto wa nyuki, yote yaliingia ndoo moja. Asali ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta bado ina maji mengi; wenyewe huipepea kwa mabawa mpaka ikolee, ndipo wanaifunika. Maji yakizidi asilimia 20, hamira ya asili iliyomo huamka na asali inachacha. Baba anajua sega bichi kuliko mimi. Lakini mnunuzi aliyekuwa akimfuata kijijini alitaka ndoo ijae tu.

"Baba, naomba mwaka huu tutumie ndoo mbili, iliyoiva na isiyoiva."

"Na hiyo ambayo haijajaa nitamuuzia nani?"

"Niuzie mimi, kwa kilo."

Alinyamaza. Kesho yake nikatoa mzani niliokuja nao, tukapima ndoo ya lita 20 iliyojaa: kilo 28 kasoro kidogo. Miaka yote alilipwa kilo 20, kwa hesabu ya ndoo ya maji! Asali ni nzito kuliko maji, na uzito huo wote ulikuwa unaondoka bure na jasho la mzee wangu. Iliniuma sana. Tangu siku ile hakunibishia tena habari ya ndoo mbili.

Masega mabichi sasa yanabaki nyumbani, yanaliwa kwanza. Yaliyoiva tunayaponda na kuyachuja kwa kitambaa safi bila kuyapitisha motoni, na ndoo hazikai wazi hata saa moja, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani. Makapi anayachukua mama, anayachemsha na maji, anapata nta. Nyingine tunauza, nyingine kaka anapaka ndani ya mizinga mipya kuvutia makundi.

Shida iliyofuata ilikuwa ya baridi ya Julai. Asali iliganda, wateja wakasema nimetia sukari. Hili nalieleza kila mara bila kuchoka: asali halisi huganda, hasa kukiwa na baridi. Weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, itarudi. Usiichemshe, harufu yake itapotea. Na kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti kisha kuiwasha hakimtambui mdanganyifu, maana hata sukari iliyochemshwa ikawa nzito inaweza kuacha njiti iwake. Mteja akiwa na mashaka namkaribisha aonje hapohapo, namwonyesha na chupa ya msimu uliopita ambayo haijatoa povu.

Tangu tuanze ndoo mbili sijarudishiwa chupa iliyochacha. Napata ndoo chache kuliko zamani, na bei yangu iko juu kidogo ya wenzangu. Yule mama wa genge amerudi, anachukua chupa kumi kwa mwezi.

Wiki iliyopita nilimpigia baba kuulizia mzigo. Akasema, "Ule mzinga wa bondeni nimeuchungulia, masega mengi bado yako wazi. Nimeuacha. Waambie wateja wako wasubiri wiki mbili."