Tafakari ya Juma: Apolo Anarudi Mboga

Neno: Mathayo 5:23–24

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na habari za Apolo Kivebulaya. Kwa Waanglikana wa Uganda na Kongo si mgeni, lakini wengi wetu hatukuwahi kumsikia. Alikuwa Mganda, aliwahi kuwa askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwishoni mwa 1896 akavuka mto Semliki kwenda kuhubiri Mboga, eneo lililo Kongo ya leo, kwa chifu Tabaro, mahali ambapo walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa kukaa.

Siku moja alikuwa akikata nyasi za kujengea. Mkuki wake ulikuwa umesimama, umefichwa na majani. Dada yake Tabaro akauangukia, akafa.

Apolo alikamatwa, akapigwa vibaya, akafungwa Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Akiwa kifungoni, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Alipofunguliwa, akarudi Mboga.

Ushuhuda huu ukisimuliwa, mara nyingi tunashangilia yale maono. Mimi nimekwama kwenye mkuki. Paulo alipopigwa mawe Listra, "akasimama, akaingia ndani ya mji", lakini mikono yake ilikuwa safi. Apolo alirudi kwa watu waliofiwa, na silaha iliyoua ilikuwa yake. Hakukusudia, ni kweli. Lakini msiba haupungui kwa sababu aliyeusababisha hakukusudia, na Tabaro alikuwa na haki ya kulia.

Yesu anasema, ukikumbuka ya kuwa ndugu yako "ana neno juu yako", uende ukapatane naye kwanza. Tazameni: aliyeumizwa hakuambiwa atangulie. (Ndiyo maana simwambii mtu yeyote arudi kwenye nyumba anayopigwa. Andiko hili linamtuma aliyeumiza.) Nasi tunajua kukwepa. Tunahama jumuiya, tunabadilisha ibada ya kusali ili tusikutane na mtu fulani, tunatuma salamu za jumla kwenye kundi la simu badala ya kwenda mlangoni kwake kusema, "Ndugu yangu, nilikukosea."

Tabaro, yule aliyeamuru apigwe, baadaye alibatizwa. Apolo akapewa upadre mwaka 1903, akaendelea kuhubiri hadi misitu ya Ituri, miongoni mwa Wambuti, watu wanaoishi msituni humo. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako Injili ilikuwa haijafika, ingawa desturi ya kwao ilitaka kielekee nyumbani.

Mboga ndiyo Boga ya leo, mkoani Ituri, na watu wake wameteseka sana kwa mashambulizi ya vikundi vyenye silaha. Katika maombi ya juma hili tuwataje: waliofiwa, waliokimbia makazi yao, na wachungaji waliobaki na kondoo wao. Na ukiwa na mtu mwenye neno juu yako, mwombee kwa jina lake kabla hujaenda kwake.