Msimu wa Mavuno Saskatchewan

Nilizaliwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, na baba yangu aliendesha kombaini, yaani mashine ya kuvunia nafaka, katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu wakati yalipokuwa mali ya shirika la umma, yakisaidiwa na serikali ya Kanada iliyoleta wataalamu na mashine. Kwa hiyo nilipopata kibali cha kufanya kazi ya msimu katika shamba moja kusini mwa jimbo la Saskatchewan, huko huko Kanada, nilikwenda nikiwa na swali nililolibeba tangu utotoni: kwa nini kilimo kilichotushinda kukiendeleza sisi kinaendelea kwa wenzetu kizazi baada ya kizazi, tena katika nchi ambayo ardhi huganda miezi mitano ya mwaka?

Niliondoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro mwanzoni mwa Agosti, nikabadili ndege Amsterdam na Calgary, nikashukia Regina. Kutoka hapo barabara kuu inaelekea magharibi kupitia Moose Jaw hadi Swift Current, na katikati ya safari inapita kando ya Ziwa Chaplin, ambalo kingo zake ni nyeupe kwa chumvi kama zile za Balangida kwetu. Baada ya ziwa hilo ni ngano, adesi, njegere na kanola, zao la mbegu za mafuta, mpaka macho yachoke. Barabara za changarawe zinakatana kwa pembe mraba, kwa kuwa nchi hiyo ilipimwa na kugawanywa katika miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mmoja ukiwa na ekari 640. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi robo ya mraba, yaani ekari 160, kwa ada ya dola 10, mradi ajenge nyumba, akae na kulima. Babu wa mwajiri wangu alianzia kwenye robo moja ya namna hiyo.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Mwaka 1874, katika bonde la Qu'Appelle, Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na majirani zao walitia saini na serikali ya Kanada makubaliano yanayoitwa Mkataba wa Nne, kisha wakasukumwa kwenye maeneo madogo yaliyotengwa kwa ajili yao, wakati nyati ambao wenyeji hao waliwategemea kwa chakula walikuwa wakimalizwa. Mtu wa Hanang hawezi kusikia habari hizo asiwakumbuke Wabarabaig, ambao malisho yao bora ndiyo yaliyogeuzwa mashamba ya ngano. Nilimweleza mwajiri wangu jambo hilo tukiwa mezani, naye hakulikwepa; alisema kwamba shuleni kwake hakufundishwa lolote juu ya Mkataba huo, lakini wajukuu wake wanafundishwa.

Tulianza na adesi. Mmea huu ni mfupi kiasi kwamba kichwa cha kukatia, chenye upana wa mita 12, hulazimika kuteleza juu ya ardhi yenyewe, na jiwe dogo tu linaweza kuvunja meno yake. Ndiyo maana shamba husawazishwa kwa rola kubwa mara baada ya kupanda, ili mawe yadidimie. Nilishangaa kujua kwamba zao hilo halina historia ndefu huko. Lilishika mizizi baada ya Chuo Kikuu cha Saskatchewan kutoa mbegu ya Laird mwaka 1978 na Eston mwaka 1980, kazi ya mtafiti Al Slinkard, na leo Kanada ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza adesi nje. Nayo ni ya jamii ya kunde, hurudisha nitrojeni ardhini, hivyo ngano inayofuata hupata nafuu.

Ngano ya durumu, ile ngumu ya kutengenezea tambi, ilifuata, na hapo ndipo nilipoielewa kazi. Mtu akitazama kwa mbali atadhani mavuno yale ni mbio za mashine, kumbe mwenye amri ni unyevu. Asubuhi tulipaka grisi, tulipuliza makapi yaliyoganda kwenye rejeta, tulikagua mikanda, kisha tulingoja umande ukauke. Karibu na saa tano mwajiri aliingia shambani, akachuma masuke machache, akayapukusa viganjani, akapuliza makapi na kutafuna punje mbili tatu. Baada ya meno yake kusema neno lao, ndipo alipojaza kikombe cha kipima unyevu. Ngano ya Kanada huhesabiwa kuwa kavu ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 14.5, ikizidi hapo, ghala la chuma hupata joto na nafaka huharibika. Kipimo kikikubali, hakuna anayesimama tena. Chakula cha jioni kililetwa shambani kwenye vyombo vyenye mifuniko, nasi tulikula kwa zamu, kombaini zikiendelea.

Mimi nilianza kwenye trekta linalovuta trela la nafaka. Kombaini haisimami ili ishushe: dereva wa trela humkaribia ubavuni, wote wawili wakienda kwa mwendo wa kilomita tano au sita kwa saa, na bomba la kombaini humwaga nafaka kama tani 10 kwa muda wa dakika chache. Kwa hesabu yetu ni magunia 100, na hakuna aliyeinama kuinua hata moja. Mwenzangu, kijana wa Kiafrika Kusini aliyekuwa na misimu kadhaa nyuma yake, alinifundisha nisiitazame nafaka inayoanguka bali nilitazame gurudumu la mbele la kombaini. Baadaye nilikabidhiwa kombaini yenyewe, na sikuona haya kufurahi.

Alasiri moja, upepo ukiwa mkali na mabua makavu kabisa, nilisikia mlio mwembamba upande wa kulia, ukafuatwa na harufu ya grisi iliyoungua. Nilizima, nikashuka na kizima-moto mkononi. Beringi moja ya shafti ilikuwa imekwisha. Kikombe chake kimegeuka rangi ya samawati kwa joto, na makapi yaliyokuwa yamejikusanya juu yake yalianza kutoa moshi. Moto shambani ni jambo la kutisha kwa watu wale, na kwa sababu hiyo lori dogo lenye tangi la maji huwa daima ukingoni mwa shamba linalovunwa. Tulimwagia maji, tukafungua ngao, na mwajiri akasoma namba ya beringi kwenye simu. Mkewe aliendesha gari kilomita 60 hadi mjini, akaikuta ikimngoja juu ya kaunta, kwani maduka ya vipuri huongeza saa za kazi katika majira hayo. Kabla ya jua kuzama nilikuwa navuna tena.

Saskatchewan iko nyuma ya Tanzania kwa saa 9, hivyo nilimpigia baba usiku wangu, yeye akiwa ameamka. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsimulia. Hakuuliza habari za moto. Aliuliza beringi ilitoka wapi. Nilipomjibu, alisema, "Sisi tungeandika Dar es Salaam, mwanangu, na ngano ingelala chini tukingoja jibu." Hapo swali langu lilipata sehemu kubwa ya jibu lake. Kombaini zilizoletwa Basotu zilikuwa nzima. Hazikufuatana na duka la vipuri, fundi wa mji wa jirani, reli inayofika bandari ya Vancouver, wala mkulima anayejua kwamba shamba litakuwa la mwanawe. Naamini tulipewa mashine peke yake tukadhani tumepewa kilimo.

Kanola ilikuwa ya mwisho, na mvua ya Oktoba ilitukuta tumebakiza kipande kidogo. Tulipomaliza, hatukuziingiza kombaini bandani zikiwa chafu. Tulizisafisha kwa upepo wa kompresa, kisha mwajiri akatupa kila dereva karatasi ili aandike kila alichokisikia, kukihisi au kukishuku katika mashine yake, kwa sababu vipuri vya msimu ujao huagizwa majira ya baridi. Yangu ilijaa pande zote mbili: meno ya kukatia, mkanda mmoja wa kiinua nafaka, na beringi mbili ambazo hazijaanza kulia.