Jinsi nilivyorekebisha mazungumzo ya Mirihi

Hadithi yangu ya kisayansi, ambayo huiandika alfajiri kabla ya kufungua duka hapa Mwanjelwa, ilikwama kwenye sura ya 4. Mama aliyebaki Tukuyu alikuwa akizungumza kwa redio na binti yake aliyeko Mirihi, wakijibizana papo hapo kama watu waliopigiana simu. Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Haiwezekani.” Alikuwa sahihi, kwa sababu mawimbi ya redio, ingawa husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huko, kutegemea mahali zilipo sayari hizo mbili katika mizunguko yao, na jibu huhitaji muda kama huo kurudi.

Kwanza nilibuni redio ya ajabu. Ulikuwa uvivu mtupu. Kisha nikakumbuka barua tulizokuwa tukimkabidhi kondakta wa basi, ambazo mwandishi wake alijibu maswali kabla hayajaulizwa. Nikayafuta majibizano yote. Sasa mama anauliza kama binti amekula, anamenya ndizi, anazibandika jikoni huku akisimulia habari za mvua, na “nimekula, mama” inaingia wakati ndizi zimeshaiva.