Komba wa Litipo
Juzi mimi na mke wangu tulitoka Mtwara mapema, tukapita Mikindani na bahari yake tulivu, kisha Lindi, halafu tukaiacha pwani kuelekea Lutamba. Msitu wa Litipo uko jirani na Ziwa Lutamba. Ni mwendo mfupi tu, lakini ukiingia chini ya miti unasikia ubaridi mpaka mgongoni. Giza lilipoingia mzee mwenyeji wetu akaninong'oneza, "Mwanangu, shusha tochi, utamuumiza macho." Komba wa Rondo, yule mnyama mdogo wa usiku! Gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ameng'ang'ania mzabibu-mwitu. Ni misitu michache sana ya pwani ya Tanzania iliyobaki naye. Njiani niliona visiki vibichi, utomvu bado unatoka. Roho iliniuma kweli.