Kikaragosi Ndani ya Kabati la Vioo

Jumapili, usiku.

Bega ndilo lililonisimamisha. Sanamu la mti, limewekwa ndani ya kabati la vioo katika jumba moja la makumbusho hapa Ujerumani, mikono imeungwa mabegani kwa kamba ili ipate kucheza. Tundu la kamba upande wa kulia limelika kuliko la kushoto. Kuna mtu aliuchezesha sana mkono ule wa kulia, msimu baada ya msimu, mpaka kamba ikaula mti. Kibao cha maelezo kinasema: Wasukuma, Tanzania, mti na kamba, karne ya 20. Basi.

Mimi ni mjukuu wa Wasukuma, kwa hiyo mnivumilie kama leo naandika kwa hasira kidogo.

Kwetu ngoma ni mashindano. Kuna vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno vinakutana kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, vikicheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Upande uliojaza watu wengi ndio ulioshinda, na umati una miguu, muda wowote unahama. Ndiyo maana wachezaji walitafuta kila hila ya kuuvuta: dawa, nyoka, mbwembwe za kila namna, na masanamu ya mti yenye viungo vinavyocheza. Babu mzaa mama, mtu wa Magu, Mgalu kufa na kupona, alikuwa akituambia: “Ukisikia kicheko upande wa pili, ujue umekwisha.” Halafu anacheka yeye mwenyewe mpaka anakohoa.

Kwa hiyo sanamu lile lilichongwa ili liibe watazamaji wa mwenzake. Leo limepewa kabati lake peke yake, taa yake peke yake, na hakuna wa kushindana nalo. Watu wanapita wakinong'ona. Babu angeona hiyo ni dalili ya kushindwa vibaya sana.

Nchini Mali mambo ni hayo hayo, tena kwa ukubwa zaidi. Kule Markala, kando ya mto Niger, vinyago na vikaragosi hutoka uwanjani katika sherehe ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Kikaragosi huko kinaweza kuwa mnyama mzima: kiunzi cha miti kilichofunikwa kitambaa au nyasi, ndani yake vijana wanatembea na kuvuta vijiti, mbele kabisa kichwa cha mti cha swala au nyati. Majumba ya Ulaya na Marekani yana vichwa hivyo vingi. Vichwa tu! Kiwiliwili kilikuwa kitambaa na watu, na vitu hivyo wakusanyaji hawakuvitaka. Ni sawa na kutundika usukani ukutani ukauita gari.

Lakini siwezi kusema kabati la vioo halina faida yoyote, kwa sababu bila hilo nisingeliona tundu lile la bega. Uwanjani, vumbi linatimka, ngoma zinalia, nani angeangalia kamba? Chukua wayang kulit, vikaragosi vya kivuli vya Java, Indonesia. Kikaragosi ni ngozi ya nyati iliyotobolewa kwa patasi, vitundu vidogo vidogo vimepangwa mstari kwa mstari, kisha ikapakwa rangi na dhahabu. Usiku wa maonyesho kinashikwa nyuma ya pazia, mbele ya taa, na aliyekaa upande wa kivuli haioni dhahabu hata chembe. Dalang, ambaye ndiye mchezeshaji na msimulizi wa hadithi nzima, anaiona. Ukienda Jakarta, kwenye jumba la makumbusho ya wayang lililofunguliwa mwaka 1975, unapewa kiti cha dalang: unasogeza pua na kuhesabu vitundu. Ila huo mkesha wenyewe hupewi.

Kuna na Paul Klee, mchoraji. Kati ya mwaka 1916 na 1925 alimtengenezea mwanawe Felix vikaragosi vya mkononi vipatavyo 50, kwa matambara, mifupa, viberiti, hata soketi ya umeme. Takribani 30 ndivyo vilivyobaki, na viko Bern, Uswisi. Baba wa watu alikuwa anamfurahisha mtoto. Vikiwa wima bila mkono ndani, vinanitia huzuni kidogo, sijui kwa nini hivyo zaidi kuliko vingine.

Anayenifurahisha ni msanii Wael Shawky, Mmisri. Alitengeneza filamu tatu kuhusu Vita vya Msalaba kama wanahistoria Waarabu walivyovisimulia, na waigizaji wote ni vikaragosi vya nyuzi: kwanza vya kale kutoka Turin, kisha vya udongo wa kuchoma, mwisho vya vioo vya Murano. Maonyesho yake yalipofika MoMA PS1, jumba la sanaa la New York, mwaka 2015, vikaragosi na filamu vilikuwa pamoja. Unamwona sultani akitembea kwenye skrini, nyuzi zote wazi, kisha unamkuta mwenyewe amesimama. Hapo kabati halidai kuwa hicho ndicho kitu kizima.

Ningependa siku moja tufanyiwe hivyo na vichwa vya mpira vya kipindi cha XYZ, vile vikaragosi vya wanasiasa vya mchora katuni Gado vilivyoanza kuonekana kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009. Niruhusiwe kuzunguka nyuma ya kichwa cha rais nione mkono ulikuwa unaingilia wapi. Kwa hilo kiingilio ningelipa hata mara mbili.

Jumba la hapa nimeliandikia barua. Nimeomba kabati lisogezwe mbali na ukuta ili mgongo uonekane, na kibao kitaje Bagika na Bagalu, pamoja na sababu ya mikono ile kucheza. Nimempigia mama kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nauli ya Juni nimeshaweka, maana Bulabo, sherehe yetu ya mashindano ya ngoma, haingoji mtu, na Bujora inakofanyika si mbali na nyumbani.