Nilivyopanga Kimo cha Gari Nililojijengea Nyumbani

Gari ninalolizungumzia nimelijenga uani kwangu Machomanne, Chake Chake, kwa mfano wa Lotus Seven, gari dogo la wazi la Kiingereza lililotoka mwaka 1957. Chesisi ni ya mabomba ya mraba niliyoyachomelea mwenyewe. Injini, gia boksi na ekseli ya nyuma nilivitoa katika Toyota kongwe iliyogongwa. Lilipoingia barabarani mara ya kwanza lilikuwa na aibu mbili: sampo, bakuli la mafuta chini ya injini, ilikwangua kila tuta la mbele ya skuli, na likisimama uani lilionekana limelala upande wa kushoto.

Shokapu zake zimevikwa springi, na chini ya kila springi pana ringi inayozunguka katika nyuzi za shokapu, kama nati kwenye bolti. Ukiipandisha, gari hunyanyuka. Kwa pupa niliizungusha ringi ya mbele kushoto peke yake, nikapima kwa futi kutoka chesisi hadi sakafuni, nikaridhika. Siku ya pili nilifunga breki kwa nguvu, na tairi ya mbele kulia ikajifunga kabla ya zote na kuacha mchirizi mweusi kwenye lami.

Aliyenifumbua macho ni kijana mwashi wa jirani, aliyekuja na mpira wake mwembamba wa maji, ule wanaopimia usawa wa msingi. Aliunyoosha kutoka tairi moja hadi ya pili, akayangoja maji yatulie, akasema, "Ami, gari halijalala. Iliyolala ni sakafu." Tofauti ilikuwa milimita 14, na sakafu ile niliimwaga mimi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Tulipachika vipande vya mbao na vigae chini ya tairi hadi maji yakalingana pande zote nne. Nilisawazisha upepo wa tairi, nikaacha tangi nusu, kisha nikaweka kitini mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20, kwa kuwa mimi nina kilo 70 na gari lenyewe lina 600 tu. Bolti za bushi, yaani mipira ya maungio, za mikono inayoshika magurudumu nililegeza, nikazikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwani ukizikaza likiwa hewani mpira wa bushi hujikunja na kulinyanyua gari kwa uongo.

Nyuzi nilizisugua kwa brashi na mafuta kabla ya kugusa ringi, maana chumvi ya hewa yetu na mchanga huzila, na kila mara nilinyanyua gurudumu kwanza ili springi isibane. Nyuzi zina hatua ya milimita 2, yaani mzunguko mmoja huipandisha ringi kiasi hicho, lakini mbele shokapu imeshika mkono kwenye theluthi mbili ya urefu wake, kwa hiyo mzunguko mmoja huinua gari kama milimita 3. Nilirudisha ringi ya kushoto ilipokuwa, nikazipandisha zote mbili mizunguko mitano. Baada ya kila badiliko nililisukuma gari mbele na nyuma, kwa sababu likishushwa kutoka kwenye jeki tairi hubana kwa ndani na gari husimama juu kuliko kimo chake.

Mizani niliazima kwa mfanyabiashara wa mchele wa jumla. Nilipima gurudumu moja moja, mengine matatu yakiwa juu ya mbao za kimo kile kile. Kabla ya kurudisha ringi nilikuwa nimeandika kilo 172 mbele kushoto na 149 mbele kulia, 160 nyuma kushoto na 189 nyuma kulia. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukirefusha mguu mmoja, mzigo huuelemea huo na ule wa mkabala wake kwa mshazari. Mshazari mmoja ulibeba 361, wa pili 309, ndiyo maana tairi ya mbele kulia, yenye mzigo mdogo, ilijifunga kabla ya zote. Nilipomaliza ilikuwa 339 kwa 331, nikaacha hapo.

Mwisho nilipima kwa uzi mwelekeo wa magurudumu ya mbele, kwani kimo kikibadilika nao huhama, nikaurekebisha. Tuta la skuli sasa nalipita taratibu bila kukwangua, ila nikimpakia shemeji yangu, bado inabidi ashuke.