Ngozi na mvua za Kisumu

Masika yameingia Kisumu na banjo yangu imenuna. Imewambwa ngozi ya ndama, na ngozi ikinywa unyevu hulegea: kile kibao kinachobeba nyuzi kinazama, nyuzi zinalalia shingo na kukwaruza, sauti inafifia. Januari ilikuwa kinyume, ngozi imekauka na kukaza, mlio mkali mpaka unaumiza masikio. Jana jioni nimekaza skrubu za ukingoni kidogo kidogo, moja huku, nyingine upande wa pili. Jua likirudi lazima nizilegeze, maana ngozi hiyo hiyo ikikauka huweza kupasuka. Wapiga ngoma wenyewe huzipasha moto kwanza. Jamaa wananiambia niweke plastiki, haijali mvua. Kweli, lakini mlio wake siupendi kabisa.